Profesa Aliyekwenda Kujifunza Kijijini

Karibu katika kila kijiji yuko mtu wa namna hii. Hakusoma sana. Lakini akiona kazi ngumu, hutafuta njia ya kuirahisisha. Mmoja hutengeneza jembe lake kwa namna ya pekee. Mwingine anajua majani ya kufukuza wadudu ghalani. Mwingine huchagua mbegu zake mwenyewe, na mavuno yake huwashinda majirani wote.

Mtu huyu anapokufa, mara nyingi maarifa yake huzikwa pamoja naye. Pengine hutokea jambo lingine. Mgeni huja na kalamu na daftari. Huuliza maswali mengi, huandika, kisha huondoka. Baadaye hutoka kitabu, na jina lililo juu ya kitabu ni la yule mgeni. Mwenye maarifa hatajwi wala halipwi.

Je, hali hiyo inaweza kubadilishwa? Huko India yuko profesa mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kulitafutia jibu swali hilo. Jina lake ni Anil Gupta. Habari zake zinawafaa wakulima, mafundi na akina mama, kwa sababu zinahusu mali ambayo hata maskini anayo. Mali hiyo ni akili.

PROFESA GUPTA NI NANI?

Kwanza Anil Gupta alisoma katika chuo kikuu cha kilimo. Mwaka 1981 alianza kufundisha katika chuo kikubwa cha uongozi kilichoko mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1961. Kazi yake ni kufundisha watu watakaoongoza makampuni, mabenki na viwanda.

Gujarat iko upande wa magharibi wa India, kando ya bahari. Kwa miaka mingi majahazi yalisafiri kutoka pwani hiyo hadi Mombasa na Unguja kwa kufuata pepo za msimu. Wahindi wengi wanaoishi Afrika Mashariki asili yao ni huko.

Katika vyuo kama hicho watu hujifunza habari za ujasiriamali. Mjasiriamali ni mtu anayeona haja, akabuni njia ya kuitimiza, kisha akathubutu kutumia nguvu na mali yake ili apate riziki kwa njia hiyo. Kwa kawaida wataalamu huchunguza wajasiriamali wakubwa wenye viwanda na magari. Profesa Gupta aliuliza swali tofauti. Je, katika vijiji maskini hakuna wajasiriamali? Je, mkulima aliyebuni kifaa chake bila mkopo wala mwalimu, huyo tumwite nani?

DENI LA MTAFITI

Katika miaka ya 1985 na 1986 Profesa Gupta alikuwa Bangladesh, nchi jirani ya India. Aliajiriwa kuwashauri wataalamu wa utafiti wa kilimo. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wafanye utafiti katika mashamba ya wakulima wenyewe, badala ya kukaa katika mashamba ya serikali tu.

Huko alijifunza mengi. Wakulima wa Bangladesh ni maskini, lakini wana maarifa mengi ya ardhi, maji, mbegu na wadudu. Profesa aliyaandika maarifa hayo. Kwa kazi hiyo alilipwa vizuri.

Baadaye moyo wake ulianza kumsumbua. Alijiuliza: Fedha hizi nimezipata kwa maarifa ya nani? Wale wakulima wamepata nini? Nimeandika kwa Kiingereza. Je, wataweza kuyasoma niliyoyaandika? Nimewataja kwa majina yao?

Alipojijibu, aliona kuwa yeye hana tofauti na languzi anayenunua mazao kwa bei ya chini na kuyauza kwa bei ya juu. Tena languzi walau hulipa kidogo. Yeye hakuwa amelipa kitu. Alisema yeye mwenyewe mbele ya watu kuwa ana deni.

Ndugu msomaji, watu wengi huona makosa ya wenzao. Ni wachache wanaoona makosa ya kazi inayowapa mshahara.

NYUKI NA UA

Profesa Gupta alitafuta mfano wa kufuata. Aliupata kwa nyuki.

Nyuki huchukua utamu wa ua, lakini ua halilalamiki. Tena nyuki anapotoka kwenye ua moja kwenda ua jingine, hubeba unga wa ua miguuni mwake. Unga huo huyafanya maua yazae matunda. Kwa hiyo nyuki anapata asali, na mti unapata matunda. Hakuna aliyeibiwa.

Kati ya mwaka 1988 na 1989 Profesa Gupta na wenzake walianzisha umoja wao. Wakauita Honey Bee, maana yake nyuki wa asali. Walikubaliana kufuata masharti haya:

Kwanza, mwenye maarifa atajwe kwa jina lake na kijiji chake. Asiitwe "mkulima mmoja".

Pili, aombwe ruhusa kabla ya maarifa yake kutangazwa. Akikataa, yasitangazwe.

Tatu, yaliyoandikwa yarudishwe kwa watu katika lugha wanayoielewa, ili mkulima wa huku ajifunze kutoka kwa mkulima wa kule.

Nne, ikipatikana faida, mwenye maarifa apate fungu lake.

Mwaka 1990 walianza kutoa gazeti dogo la Honey Bee. Gazeti hilo lilitolewa kwa Kiingereza, na baadaye yalitoka mengine ya namna hiyo kwa lugha za wananchi, kama vile Kigujarati, Kihindi na Kitamil. Mkulima wa jimbo moja aliweza kusoma jinsi mwenzake wa jimbo la mbali anavyopambana na wadudu wa pamba. Hapo ndipo tunapoona faida ya kujua kusoma. Maarifa yaliyokuwa ya mtu mmoja yalivuka milima na mito.

SAFARI ZA MIGUU

Lakini wenye maarifa wanapatikana wapi? Hawana vibao milangoni. Wengine majirani huwacheka na kuwaita vichaa. Mtu akishinda karakanani siku nzima akifungua na kufunga vyuma, watu husema amepotewa na akili.

Profesa Gupta aliona kuwa njia ni moja tu: kuwaendea kwa miguu. Mwaka 1998 alianzisha safari zinazoitwa Shodh Yatra. Maana yake ni safari ya kutafuta maarifa. Tangu hapo safari hizo zilifanyika mara mbili kwa mwaka, moja wakati wa joto na moja wakati wa baridi. Profesa, wanafunzi, wakulima na mafundi hutembea pamoja siku kadhaa, kijiji kwa kijiji. Hulala mahali wanapokaribishwa. Wamepita jangwani, misituni na katika milima mirefu ya Himalaya. Ukijumlisha safari zote, ni maelfu ya kilomita.

Wakifika kijijini hufanya mkutano. Wavumbuzi waliotoka vijiji vingine huonyesha vifaa vyao. Watoto hushindana kutaja mimea wanayoijua na matumizi yake. Akina mama hushindana kupika vyakula vya mimea ya porini. Wazee sana huheshimiwa mbele ya wote. Mara nyingi wakati huo ndipo mtu mmoja husimama nyuma ya watu na kusema, "Hata mimi nina kitu changu nyumbani. Njooni mkione."

Profesa Gupta husema kuwa binadamu ana walimu wanne. Wa kwanza yumo ndani ya nafsi yake. Wa pili ni wenzake. Wa tatu ni mimea, wanyama na ardhi. Wa nne ni watu wa kawaida. Chuo kikuu, kwa maoni yake, kimemsahau mwalimu huyo wa nne.

WATU WALIOPATIKANA

Hebu tuwaone baadhi ya watu hao.

Amrutbhai Agrawat ni fundi wa kijiji katika Gujarat. Aliwaangalia wanawake wakiteka maji kisimani. Juu ya kisima kuna kapi, yaani gurudumu dogo linalopitishwa kamba. Mwanamke akichoka katikati hawezi kupumzika. Akiiachia kamba, ndoo inaanguka na kazi inaanza upya. Amrutbhai aliongeza kizuizi kidogo katika kapi. Mwanamke akiiachia kamba, kizuizi huibana na ndoo hubaki ikining'inia mahali ilipo. Mama hupumzika, kisha huendelea. Ni kitu kidogo. Lakini wanawake wameteka maji visimani kwa karne nyingi, na wataalamu wengi wamepita hapo bila kuliona jambo hilo.

Mansukhbhai Prajapati ni mfinyanzi. Alishindwa mtihani wa darasa la kumi akaacha shule. Alifanya kazi katika kiwanda cha vigae vya udongo. Mwaka 1988 alikopa rupia 30,000, akaanza kutengeneza vikaango vya udongo vya kupikia chapati kwa kutumia mashine ya mkono aliyoibuni.

Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Gujarat. Maelfu ya watu walikufa. Vyombo vingi vya Mansukhbhai vilivunjika. Gazeti moja lilichapa picha ya mtungi uliovunjika, likasema hilo ni friji la maskini. Maneno hayo yalimkaa moyoni. Alijiuliza: kwa nini nisitengeneze friji la udongo la kweli?

Msomaji, wewe unajua kuwa maji ya mtungini ni baridi. Sababu ni hii. Mtungi una vitundu vidogo sana visivyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, kisha hukauka kwa upepo. Yanapokauka huchukua joto la mtungi. Ni kama mtu aliyetoka kuoga. Upepo ukimpiga kabla hajajifuta, huona baridi. Mansukhbhai alitumia maarifa hayo hayo. Alitengeneza kabati la udongo. Maji huwekwa juu, yakapenya kwenye kuta na kukauka. Ndani hubaki ubaridi. Mboga hukaa siku kadhaa bila kunyauka. Halitumii umeme wala mafuta. Aliliita Mitticool. Neno "mitti" katika lugha yao ni udongo.

Mansukhbhai wa pili ni Mansukhbhai Jagani, mkulima na fundi katika sehemu yenye ukame. Mvua ziliposhindwa, majani yalikwisha na watu hawakuweza kulisha maksai. Bila maksai, shamba halilimwi wala kupaliliwa. Jagani alichukua pikipiki yake aina ya Bullet. Akatoa gurudumu la nyuma, akatia ekseli yenye magurudumu mawili pamoja na vyuma vya kulimia. Pikipiki ikawa trekta dogo. Kazi ikiisha, gurudumu la nyuma hurudishwa, na pikipiki huenda safari kama kawaida. Kifaa hicho kinaitwa Bullet Santi.

Wako pia wanawake. Remya Jose, msichana wa shule katika jimbo la Kerala, alikuwa na mama mgonjwa, na kazi ya kufua ilikuwa nzito. Akabuni mashine ya kufulia inayozungushwa kwa miguu kama baiskeli.

Hao wote hawakupewa kazi hiyo na mtu. Shida ndiyo iliyowafundisha.

KUJENGA DARAJA

Kumpata mvumbuzi ni mwanzo tu. Kifaa cha kwanza huwa na kasoro. Labda ni kizito, labda huvunjika upesi. Mvumbuzi hana vipimo vya maabara. Hana fedha za chuma kingine. Hajui wanunuzi walioko mbali. Kwa upande mwingine, mwenye kiwanda ana mashine na fedha, lakini hajui shida za kijijini. Na chuo kikuu kina wataalamu, lakini kazi zao nyingi hulala makabatini.

Ni kama watu watatu walio kando ya mto. Mmoja ana mbao, mwingine ana misumari, wa tatu ana nyundo. Kila mmoja akikaa peke yake, daraja halijengwi.

Profesa Gupta alitumia miaka mingi kuwakutanisha watu hao watatu. Mwaka 1993 yeye na wenzake waliunda chama kinachoitwa SRISTI, ambacho kina maabara ya kupima dawa za mimea zinazotumiwa na wakulima. Mwaka 1997 kiliundwa chombo kinachoitwa GIAN cha kumsaidia mvumbuzi awe mwenye biashara. Chombo hicho ndicho kilichomsaidia yule mfinyanzi kuliboresha na kulitangaza friji lake.

Mwaka 2000 Serikali ya India iliunda Asasi ya Taifa ya Uvumbuzi. Mwenyekiti wake alikuwa Dakta R. A. Mashelkar, aliyeongoza baraza kubwa la utafiti wa sayansi na viwanda nchini humo. Profesa Gupta alikuwa makamu wake. Sasa maabara za taifa zilifunguliwa milango ili kupima vitu vya watu wasio na vyeti. Asasi hiyo imekusanya zaidi ya mawazo 200,000 kutoka wilaya nyingi za India.

Palibaki shida ya fedha. Benki hutaka dhamana. Maskini hana nyumba ya kuweka rehani. Mwaka 2003 uliundwa mfuko maalumu pamoja na benki ya maendeleo ya viwanda vidogo. Mvumbuzi alipewa fedha kwa sahihi yake tu, bila mdhamini wala rehani. Biashara ikifaulu, anarudisha. Ikishindwa kwa bahati mbaya, hafilisiwi.

Faida ya daraja hilo inaonekana kwa Dharambir Kamboj wa jimbo la Haryana. Zamani aliendesha riksho mjini Delhi. Alirudi kijijini akalima mimea ya dawa. Aliona kuwa anayeuza mimea mibichi hupata senti, lakini anayeuza maji ya mimea hiyo yakiwa ndani ya chupa hupata fedha nyingi. Akabuni mashine moja ya kukamua, kuchemsha na kuvukiza matunda na majani. Alisaidiwa na Asasi ya Taifa, mashine ikawa bora. Mashine zake zimeuzwa hata nchi za nje. Nyingine zimefika Kenya.

WANAFUNZI NAO WATUMIKE

Profesa Gupta hakuwasahau wanafunzi. Huko India, kama kwingine, mwanafunzi wa uhandisi hutakiwa kufanya kazi moja ya vitendo kabla ya kumaliza masomo. Kila mwaka maelfu ya kazi hizo huandikwa, hupewa alama, kisha hutupwa. Mwaka unaofuata wanafunzi wengine hurudia mambo yale yale.

Yeye na wenzake waliona kuwa huo ni upotevu mkubwa. Mwaka 2009 walianza kuorodhesha kazi za wanafunzi mahali pamoja, ambapo kila mtu anaweza kuziona. Zilifika zaidi ya 100,000. Shabaha ilikuwa kwamba wenye viwanda vidogo na mafundi walete shida zao, na wanafunzi wazitatue. Mwanafunzi apate kazi ya kweli, na fundi apate msaada asioweza kuununua.

Aidha, katika chuo chake alianzisha somo ambalo wanafunzi hulifanya kwa safari. Vijana watakaokuwa mameneja wa makampuni hutembea milimani na kulala vijijini. Hapo hujifunza kumsikiliza mtu asiye na cheo.

Mwaka 2004 Serikali ya India ilimpa Profesa Gupta nishani ya heshima iitwayo Padma Shri. Hata alipostaafu kazi ya kudumu chuoni hakuacha kutembea vijijini.

JIRANI AIGE, KAMPUNI ILIPE

Hapa kuna jambo linalotatiza wengi. Mvumbuzi akificha kitu chake, majirani hawafaidiki. Akikionyesha kwa wote, tajiri anaweza kukichukua na kukiuza kama chake. Afanye nini?

Sheria ina kinga inayoitwa hataza. Hataza ni hati ya serikali. Hati hiyo inasema kuwa kitu hiki kimebuniwa na fulani, na kwa miaka fulani mtu mwingine haruhusiwi kukitengeneza kwa biashara bila kibali chake. Jagani, mwenye pikipiki ya kulimia, alipata hataza India na hata Marekani. Lakini hataza ina gharama, na lugha yake ni ngumu. Mwanakijiji peke yake hawezi. Ndiyo maana Asasi ya Taifa huwaandikia wavumbuzi maombi hayo.

Profesa Gupta alitoa shauri la kati. Mkulima akimwiga mkulima mwenzake kwa ajili ya shamba lake, aachwe, tena atiwe moyo. Hivyo ndivyo maarifa yanavyoenea. Lakini kampuni ikitaka kutengeneza na kuuza, lazima ipatane na mvumbuzi na kumlipa.

MPUNGA WA DADAJI

Tusidhani kuwa kila kitu kilikwenda vizuri. Tuangalie habari za Dadaji Khobragade.

Dadaji alikuwa mkulima maskini katika jimbo la Maharashtra. Alisoma hadi darasa la tatu tu. Mwaka 1983 aliona katika shamba lake la mpunga masuke matatu yasiyofanana na mengine. Punje zake zilikuwa za rangi ya manjano. Mwingine angeyapita. Dadaji aliyachuma, akayaweka peke yake, akayapanda msimu uliofuata. Aliendelea kuchagua mbegu bora kwa miaka kadhaa. Mwishowe alipata mpunga mpya, wenye mchele mwembamba na harufu nzuri, tena unaozaa sana. Watu waliuita HMT, kwa jina la saa za mkono zilizopendwa wakati huo.

Mpunga huo ulienea katika majimbo mengi. Wafanyabiashara walitajirika. Mwaka 1994 wataalamu wa utafiti walichukua mbegu kwake. Baadaye walitoa mbegu hiyo ikiwa na jina lililoongezwa herufi za taasisi yao. Dadaji hakupata fungu lolote.

Umoja wa Profesa Gupta ulimpigania. Mwaka 2005 Dadaji alipewa tuzo na Asasi ya Taifa. Mwaka 2010 gazeti la Forbes lilimtaja kati ya wajasiriamali wa vijijini wenye nguvu kubwa. Mwaka 2012 mpunga wake uliandikishwa rasmi kwa jina lake. Lakini msaada huo ulikuja baada ya miaka zaidi ya 20. Dadaji aliugua kwa muda mrefu, na familia yake ilihangaika kutafuta fedha za matibabu. Alifariki mwezi Juni 2018. Mamilioni ya watu walikula wali wake, naye alikufa maskini.

Habari hii inatuonyesha mambo mawili. Nishani na makofi havilishi watoto. Tena sheria ikichelewa, haki huja wakati mwenyewe hana nguvu za kuitumia.

Vilevile, kati ya yale mawazo 200,000, ni machache yaliyokuwa biashara kubwa. Vifaa vingine vilishindwa na bei. Vingine vilikosa wanunuzi. Kazi ya Profesa Gupta haikuondoa umaskini wa India. Lakini ilibadili fikra za watu. Zamani aliyetaka kusaidia vijiji aliuliza, "Watu hawa wamepungukiwa na nini?" Profesa Gupta aliwafundisha wenzake waanze kwa kuuliza, "Watu hawa wanajua nini?"

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, kuna mambo tunayoweza kuyafanya bila kungoja profesa.

Usimcheke jirani anayejaribu kitu kipya. Huenda leo amekosea, kesho atapata.

Ukigundua jambo, liandike. Andika siku, mwezi na mwaka. Eleza ulivyofanya na matokeo yake. Kama ni kifaa, kichore. Waonyeshe watu wawili au watatu unaowaamini, waweke sahihi zao. Laiti Dadaji angekuwa na maandishi kama hayo tangu mwaka 1983, kudai haki yake kungekuwa rahisi zaidi.

Mgeni akija kuuliza habari za dawa, mbegu au kifaa chako, mkaribishe vizuri. Lakini muulize: Anatoka wapi? Ataitumia wapi habari hiyo? Jina lako litaandikwa? Nakala italetwa kijijini? Hayo si maswali ya ukorofi. Ni haki yako.

Waulize wazee wangali hai. Babu anayejua nyota za mvua, na bibi anayejua majani ya homa, ni vitabu visivyo na nakala ya pili.

Nao wataalamu wakumbuke mfano wa nyuki. Achukue utamu, lakini aache ua likiwa na heri zaidi kuliko alivyolikuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Profesa Gupta alijiona ana deni kwa wakulima wa Bangladesh?

2. Taja masharti manne ya umoja wa Honey Bee. Lipi ni la muhimu zaidi kwa maoni yako?

3. Friji la udongo hupataje ubaridi bila umeme? Je, wafinyanzi wa sehemu yenu wanaweza kulijaribu?

4. Dadaji Khobragade angesaidiwa namna gani mapema?

5. Katika kijiji chenu ni nani aliyebuni kitu cha kurahisisha kazi? Andikeni jina lake na habari za kitu chake katika ukurasa mmoja. Mwombeni ruhusa kwanza.